Runinga Huchagua Tundu, Mafaili Huchagua King'amuzi

Mteja akifika dukani Kariakoo au Luthuli Avenue kuulizia kompyuta ya kuweka sebuleni chini ya runinga, mazungumzo karibu kila mara huanza na kasi: ni Core i ngapi, ina giga ngapi, ina kadi ya gemu au haina. Kwa anayehariri video au anayecheza gemu, maswali hayo ni halali. Kwa anayetaka kutazama filamu, kusikiliza muziki na kurudia mechi aliyoihifadhi kwenye diski, ni maswali yanayoanzia mwisho. Kompyuta ya sebuleni hununuliwa kwa kurudi nyuma. Unaanza na runinga uliyonayo, unafuata na mafaili utakayoyacheza, na ndipo unafika kwenye ubao mama, ule ambao mafundi huuita mazabodi au bodi tu. Anayefuata njia hiyo mara nyingi hugundua kwamba bodi ya bei ya chini inamtosha kabisa. Asiyeifuata anaweza kulipa mara mbili na bado picha ikakwama.

Kwanza tuweke sawa jambo moja, kwa sababu watu bado wanaomba "bodi yenye grafiki ndani", na kauli hiyo ilikuwa kweli zamani. Intel ilipotoa chipseti yake ya 810 mwaka 1999, saketi ya kuchora picha ilikaa kwenye bodi yenyewe, katika chipu jirani na prosesa. Mwaka 2008 AMD ikatoa chipseti ya 780G yenye grafiki ya Radeon HD 3200, na wapenzi wa filamu wakaipokea kwa furaha: bodi ya bei nafuu, bila kadi yoyote ya ziada, iliweza kucheza Blu-ray huku prosesa ya kawaida ikiwa haijaelemewa. Uwezo huo ulitoka kwenye kipande kidogo cha saketi kilichotengenezwa kwa kazi moja tu, kufungua video iliyobanwa. Kipande hicho tutakirudia, maana ndicho kiini cha mambo yote. Januari 2010 Intel ikaihamishia grafiki ndani ya kifurushi kimoja na prosesa. Mwaka 2011 prosesa zake za Sandy Bridge zikaviunganisha vitu hivyo viwili katika kipande kimoja cha silikoni, na mwaka huohuo AMD ikafanya hivyohivyo kwa prosesa zake za Llano. Bodi za leo, basi, hazina grafiki. Zina tundu la HDMI na njia za shaba zinazolifikisha tundu hilo kwenye soketi ya prosesa. Prosesa isiyo na grafiki ikikaa pale, tundu hubaki pambo.

Hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha zao, na kinachowapoteza ni herufi moja. Core i5-12400 na Core i5-12400F ni prosesa zinazolingana karibu kwa kila kitu, ila yenye F haina grafiki, na kwa sababu hiyo huuzwa bei pungufu kidogo. Mnunuzi huona amepata nafuu, akafika nyumbani, akachomeka HDMI, kioo kikabaki cheusi. Upande wa AMD, kwa soketi ya AM4, desturi ni kinyume: prosesa yenye grafiki ndiyo hubeba herufi, nayo ni G. Ryzen 5 5600 haina grafiki, Ryzen 5 5600G inayo. Kwa soketi mpya ya AM5 mambo yamegeuka tena, kwani prosesa nyingi za mfululizo wa 7000 zina grafiki ndogo hata bila herufi yoyote, na zisizo nayo, kama 7500F, zimewekewa F kama za Intel. Muuzaji mwaminifu atakuambia haya kabla hujauliza. Kwa kuwa si kila mahali utakutana naye, isome herufi hiyo mwenyewe kabla ya kutoa hela.

Sasa turudi kwenye runinga. Runinga ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, yaani karibu milioni 8.3. Kila nukta ikibeba biti 24 za rangi, fremu 24 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya filamu za sinema, zinahitaji takriban gigabiti 4.8 kila sekunde. Fremu 50, kasi ya kawaida ya matangazo ya michezo katika nchi zilizorithi mfumo wa Ulaya, zetu zikiwemo, zinahitaji karibu gigabiti 10. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 ina uwezo halisi wa kupitisha takriban gigabiti 8.2 za picha kwa sekunde, na HDMI 2.0 ya mwaka 2013 hupitisha gigabiti 14.4. Hesabu inatoa jibu lenyewe. Filamu ya 4K itapita kwenye tundu la zamani bila taabu, lakini mpira wa 4K hautapita kwa kasi yake, na hata mshale wa kipanya utaonekana unarukaruka kwa sababu kioo kinapokea fremu 30 tu kwa sekunde. Ukitaka na HDR, ule mng'ao unaotenganisha mwanga mkali na giza nene, hiyo iliingia rasmi katika HDMI 2.0a mwaka 2015. Kwa mwenye runinga ya 4K, basi, swali la kwanza kuhusu bodi ni toleo la HDMI, na jibu lake huandikwa kwenye ukurasa wa sifa za bodi, si usoni mwa boksi.

Inafaa kueleza kwa nini bodi mbili zinazofanana sura hutofautiana kwenye tundu hili, maana ukijua sababu hutadanganyika. Prosesa za Intel za kompyuta za mezani kuanzia kizazi cha 6 hadi cha 10 hazikuweza kutoa HDMI 2.0 zenyewe. Mtengenezaji wa bodi alilazimika kuongeza chipu ndogo ya kugeuza mawimbi ya DisplayPort kuwa HDMI 2.0, na katika bodi za bei ya chini chipu hiyo ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa. Ndiyo sababu unakuta prosesa nzuri imekaa kwenye bodi yenye HDMI 1.4. Kuanzia kizazi cha 11 tatizo limepungua, na kwa AMD zipo bodi za AM4 za bei ya chini zilizobaki na HDMI 1.4 pia. Bodi ikiwa na tundu la DisplayPort 1.2, si lazima uiache: kigeuzi chenye chipu ndani yake, siyo ule waya mtupu wa bei rahisi, huweza kuitoa picha ya 4K ya fremu 60 kutoka DisplayPort hadi HDMI ya runinga.

Kuna wasomaji ambao aya mbili zilizopita haziwahusu, nao ni wengi. Runinga ya inchi 32 yenye nukta 1,366 kwa 768, au ya inchi 43 yenye 1,920 kwa 1,080, ndiyo iliyoko katika sebule nyingi za Afrika Mashariki, na kwa runinga kama hiyo HDMI 1.4 inatosha na kubaki. Kulipia HDMI 2.1 kwa ajili ya runinga hiyo ni kununua bomba la inchi 6 kwa nyumba yenye bomba la nusu inchi. Mwenye runinga ya namna hii ameshapunguza gharama kabla hajaanza, na asikubali kushawishiwa vinginevyo. Lakini asidhani amemaliza kazi. Runinga huamua tundu, haiamui mafaili. Faili lililobanwa kwa njia mpya litakuja vilevile hata kama kioo chako ni kidogo, na kompyuta lazima iweze kulifungua.

Hapa ndipo king'amuzi kinapoingia. Neno hili Watanzania walilizoea zaidi pale mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Wakenya wakapitia hatua hiyohiyo mwaka 2015. Kila nyumba ikaelewa kwamba matangazo huja yamefungwa kwa namna fulani, na bila kifaa cha kuyafungua runinga haina cha kuonyesha. Ndani ya grafiki ya prosesa kuna king'amuzi cha namna hiyo, ila chenyewe hufungua video iliyobanwa. Na kama vile king'amuzi cha antena kisivyoweza kusoma mawimbi ya dishi, king'amuzi cha video husoma tu aina za ubanaji kilizotengenezewa. Aina hizo ni chache. H.264 ilikuja mwaka 2003, na leo karibu kila kifaa kinaifungua. HEVC, iitwayo pia H.265, ilikuja mwaka 2013, pamoja na VP9 ya Google. AV1 ilitolewa mwaka 2018 na muungano wa kampuni zikiwemo Google, Netflix, Amazon, Intel na Microsoft, ili iwepo njia ya kubana video isiyodaiwa ada ya leseni. Juu ya hayo kuna suala la biti: video ya biti 8 ina vivuli 256 kwa kila rangi ya msingi, ya biti 10 ina vivuli 1,024, na filamu nyingi za 4K na HDR huja kwa biti 10.

Mfano mmoja unaonyesha uzito wa jambo hili kuliko maelezo yoyote. Chukua Core i5-6500 ya mwaka 2015 na Core i5-7500 ya mwaka 2017. Zote zina kori nne, zote hutumia soketi ya LGA1151, na kasi ya msingi ni gigahezi 3.2 kwa ya kwanza na 3.4 kwa ya pili. Kwa kazi za ofisi hakuna atakayezitofautisha. Sasa zicheze filamu ya 4K ya HEVC ya biti 10. King'amuzi cha i5-6500 hakikutengenezewa biti 10, hivyo mzigo mkubwa huangukia kori zenyewe: feni huanza kuvuma, fremu huanza kudondoka. Kwenye i5-7500 kazi hiyohiyo hufanywa na saketi yake maalumu, na kori hubaki karibu bila kazi. Tofauti ya gigahezi 0.2 isingeweza kuleta hayo. Ukinunua kwa kuangalia kasi utaona prosesa mbili sawa. Ukinunua kwa kuangalia king'amuzi utaona moja inayofaa sebuleni na moja isiyofaa.

AV1 inarudia hadithi hiyo kwa ukali zaidi. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina kori sita na imepangiwa wati 65. Intel N100 ya mwaka 2023 ina kori nne ndogo na imepangiwa wati 6. Kwa kazi yoyote ya kukokotoa, ya kwanza inaiacha ya pili mbali sana. Lakini N100 ina king'amuzi cha AV1 na 5600G haina. YouTube ikimtumia mtazamaji video ya AV1, ile ndogo huitazamisha kwa utulivu na ile kubwa hutoa jasho. Na kwa nini mtu wa huku ajali AV1? Kwa sababu ya bando. Kwa ubora uleule wa picha, AV1 hutumia data pungufu kuliko H.264, na anayelipia kila gigabaiti anaiona tofauti hiyo mfukoni. YouTube pia haitoi video za kawaida zilizo juu ya 1080p kwa H.264, ukitaka kuvuka hapo unahitaji VP9 au AV1. Kwa hiyo kwa mtu anayejenga kompyuta mpya kuanzia chini, ningesema bila kusita kwamba AV1 iwe sharti. Kwa anayenunua iliyotumika, HEVC na VP9 za biti 10 ndizo kima cha chini, na AV1 ni heri ikipatikana.

Wapo watakaopinga kwamba prosesa yenye nguvu inaweza kufungua video yoyote kwa programu, bila king'amuzi, na kwamba nguvu hiyo itafaa kwa aina za ubanaji zitakazokuja kesho. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Programu ya dav1d, iliyoandikwa kwa ajili ya AV1, ni nyepesi kiasi kwamba prosesa nyingi za kori nne huicheza video ya 1080p bila shida. Mwenye runinga ndogo na prosesa nzuri mkononi hana haja ya kukimbilia dukani. Ila 4K ya biti 10 kwa fremu 50 au 60 ni mzigo wa aina nyingine, na hata prosesa inayoumudu huumudu kwa kula umeme na kutoa joto, kisha feni huzungumza juu ya filamu. Sebuleni ukimya ni sehemu ya picha. Na hoja ya kesho inajijibu yenyewe: aina mpya za ubanaji zikija, kila moja huwa nzito kuliko iliyoitangulia, kwa hiyo nguvu uliyoilipia leo kwa ajili ya kesho inaweza isitoshe kesho hiyo ikifika.

Wengine husema: nunua bodi yoyote, kisha weka kadi ya grafiki. Ushauri huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kadi za bei ya chini zinazouzwa kwa sifa ya "giga 2" ndizo hasa zisizofaa. GT 710 bado inapatikana madukani. Haifungui HEVC wala VP9, na HDMI yake ni ya kizazi cha 1.4. Anayeifunga kwenye kompyuta yenye prosesa ya kizazi cha 7 ameondoa king'amuzi kizuri na kuweka kibovu, kwa gharama yake mwenyewe. GT 1030 ya mwaka 2017 ni afadhali, maana ina HEVC ya biti 10, VP9 na HDMI 2.0, ingawa haina AV1. Hata upya wa kadi si dhamana: Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 haina king'amuzi cha AV1. Kadi ina maana kwa mtu mwenye kompyuta ya zamani anayoipenda na asiyetaka kuibadilisha, au kwa mcheza gemu. Kwa filamu peke yake, grafiki ya ndani ya prosesa iliyochaguliwa vizuri ndiyo njia fupi.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: kwa nini kompyuta kabisa? Runinga za kisasa zina programu ndani, na kiboksi cha Android hugharimu sehemu ndogo ya bei ya bodi, prosesa, RAM na kasha. Kwa mtu anayetazama Netflix na YouTube tu, jibu la haki ni kwamba kiboksi chenye idhini ya huduma hizo ni bora. Netflix ya 4K kwenye kompyuta ya namna hii hudai Windows, kivinjari au programu maalumu, na ulinzi wa HDCP 2.2 katika kila kiungo cha mnyororo. Kwenye Linux hutaipata. Diski za 4K Blu-ray nazo zina vikwazo vyake, kwani programu ya kuzicheza ilitegemea kinga iitwayo SGX, ambayo Intel iliiondoa kwenye prosesa za kizazi cha 11. Anayenunua kompyuta kwa ajili ya mambo hayo mawili anajitafutia usumbufu. Lakini utamaduni wetu wa kutazama si huo peke yake. Nyumba nyingi zina diski iliyojaa filamu, tamthilia za msimu mzima, mahubiri, harusi zilizorekodiwa, na filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili kwa mtindo wa DJ Afro. Mafaili hayo yamebanwa kwa kila namna, yana manukuu ya kila aina, na intaneti si ya kutegemewa kila jioni. Kompyuta yenye Kodi, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003 kwa jina la XBMC, huyapanga yote, huonyesha picha za majalada na hukumbuka ulipoishia. Asubuhi kompyuta hiyohiyo humfaa mtoto kwa kazi za shule. Kiboksi hakifiki huko.

Na kompyuta za ofisi zilizotumika, zile ndogo zinazoingia kutoka Ulaya na Dubai? Hizi ndizo mshindani halali wa bodi mpya, na kwa wasomaji wengi ndizo zitakazoshinda. Kuna sababu ya wakati huu hasa. Windows 11 kwa kawaida hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo ofisi zinaziondoa mashine za kizazi cha 7 ambazo kwa sebule bado ni nzima. Ukiiwekea LibreELEC, mfumo mwepesi wa Linux unaowaka moja kwa moja ndani ya Kodi, suala la Windows linakwisha. Masharti ni mawili tu, na yote tumeshayataja: iwe kizazi cha 7 au zaidi, si cha 6 kinachouzwa bega kwa bega nacho, na nyuma yake kuwe na tundu linalofaa, maana nyingi zina DisplayPort na VGA bila HDMI. Gharama ya kigeuzi ihesabiwe kwenye bei.

Kwa anayeamua kujenga mpya, kuna njia mbili. Ya kwanza ni bodi iliyolehemewa N100 moja kwa moja, kama Asus Prime N100I-D D4 au ASRock N100DC-ITX. Hizi ni za Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, hupoozwa na bati bila feni, na hiyo ya ASRock huwashwa kwa chaja ya laptopu ya volti 19 pasipo pawasaplai kubwa. Udhaifu wake uko wazi: kuna nafasi moja tu ya RAM, matundu machache ya diski, na prosesa haibadilishwi. Njia ya pili ni bodi ya microATX yenye chipseti ya H610 pamoja na prosesa kama Pentium Gold G7400 au Core i3-12100, zote zenye king'amuzi cha AV1. Hapa unapata nafasi mbili za RAM, na uzitumie zote, kwani grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake bali hukopa ya kompyuta. Vijiti viwili vya giga 4 vya DDR4-3200 hufungua njia ya gigabaiti 51.2 kwa sekunde, wakati kijiti kimoja cha giga 8 huishia 25.6. Unapata pia matundu zaidi ya diski, jambo la maana kwa mwenye maktaba kubwa. MicroATX huwa rahisi kuliko Mini-ITX yenye uwezo sawa, kwa hiyo usilipie udogo isipokuwa kabati la runinga linakulazimisha.

Sauti nayo isisahauliwe, ingawa haihitaji maneno mengi. Mwenye redio kubwa ya spika nyingi inayopokea HDMI atapitisha sauti yote humohumo, hata zile za Dolby TrueHD na DTS-HD ambazo waya wa mwanga hauwezi kuzibeba. Mwenye sabufa ya kawaida, au wufa kama wanavyosema Nairobi, anahitaji tundu la spika la kijani na waya wa kwenda kwenye vichwa viwili, chekundu na cheupe. Karibu kila bodi inalo. Usiongeze senti moja kwa ajili ya bodi inayojisifia chipu ya sauti.

Umeme unastahili hesabu yake. Kila wati 50 unazookoa kwa saa tano kwa siku ni yuniti 7.5 kwa mwezi. Si utajiri, lakini kwa anayenunua LUKU au tokeni kwa kudunduliza ni siku kadhaa za taa, na kwa anayetumia sola au UPS ndogo inaweza kuwa tofauti kati ya kumaliza filamu na kuachwa gizani kabla ya mwisho. Hapo kompyuta za wati chache huipita kila hoja ya kasi.

Na kabla ya kulipa, nenda dukani na flashi yenye faili moja la 4K la HEVC ya biti 10, na jingine la AV1 kama ndilo ulilolikusudia. Omba lichezwe kwenye mashine unayouziwa, ikiwa imechomekwa kwa HDMI kwenye runinga ya 4K kama ya kwako ni hiyo, kisha fungua Task Manager na uende sehemu ya GPU. Mstari wa Video Decode ukipanda na wa CPU ukabaki chini, king'amuzi kinafanya kazi. CPU ikipanda hadi karibu asilimia mia na Video Decode ikalala, hakifanyi, hata kama muuzaji anakuonyesha picha nzuri kwa dakika ile. Angalia pia kwenye mipangilio ya kioo kama fremu 50 au 60 zinapatikana kwa 4K au zinaishia 30. Weusi ukionekana kijivu usiikatae mashine kwa hilo; ni mpangilio wa rangi tu, runinga inasubiri viwango vya 16 hadi 235 na kompyuta inatuma 0 hadi 255, au kinyume chake, na hurekebishwa kwa dakika moja.